Ushuhuda Kati ya Mashuka

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Nusu ya mbele imejaa aina za mawingu, nusu ya nyuma ilibaki tupu kwa sababu shule iliisha kabla yake. Nimeona nisilitupe.

Nilifika jana kwa Mama Mkubwa, dada wa mama yangu. Yeye ni dobi. Ana chumba cha mbele cha kupokea nguo, chumba cha pasi, ua wenye kamba sita, na chumba kirefu cha nyuma cha kuanikia mvua ikinyesha. Mama amenileta hapa nisubiri matokeo ya mtihani na "nichangamke kidogo." Hakuna aliyetaja kilichotokea kwenye mtihani wa kusimama na kuzungumza. Nilitoka ukumbini katikati ya sentensi yangu ya pili, moyo ukienda mbio, mikono imekufa ganzi, nikijua kabisa kwamba nakufa. Sikufa. Nilikaa nyuma ya vyoo hadi kengele ilipolia.

Mama Mkubwa aliniuliza swali moja tu nilipoingia. "Moyo?"

"Mzima," nikasema.

Akanikabidhi kopo la vibanio.

Jumanne, 4 Machi

Vibanio. Mawingu ni yale ya ukurasa wangu wa tatu.

Jumatano, 5 Machi

Mpiga pasi wa hapa anaitwa Kola. Jina lake halisi silijui, na nadhani hata wateja hawalijui. Wanasema tu, "Shati langu apewe Kola." Ana miaka thelathini na kitu, na huzungumza na nguo. Leo aliliambia shati moja, "Wewe, bwana wako ana shingo kama ya jogoo, nikutie wanga kiasi gani?" Hupima pasi kwa kudondosha tone la maji kwenye ncha ya kidole na kulirusha. Tone likilia na kukimbia, pasi iko tayari.

Saa nne, baada ya chai, alimeza kidonge mbele yangu bila kujificha.

"Nina kifafa," alisema. "Nikianguka, kwanza ondoa pasi. Kisha nilaze kwa ubavu, ungoje. Usinitie kijiko mdomoni, mimi si mtoto wa uji. Una swali?"

Nilikuwa na maswali kumi. Nikatikisa kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mvua imeanza na nimesema uongo. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Kila Alhamisi saa kumi jioni kikundi cha maombi cha Mama Mkubwa hukutana katika chumba cha nyuma. Kwa sababu ya mvua tulikuwa tumeanika humo mashuka yote ya nyumba ya wageni, kwa hiyo wanawake tisa, Kola akiwemo, walikaa kati ya mashuka, na mtu aliyeketi ng'ambo ulimwona miguu tu. Mimi nilipenda. Nilikaa pembeni na nikaimba kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja, mwalimu wa hisabati mstaafu. Wanamwita Bibi Goti kwa sababu goti lake liliombewa mwaka jana, na tangu hapo kila akitaja uponyaji hulipiga kofi.

Halafu Mama Mkubwa akainua shuka kama pazia. "Njoo, mwanangu."

Waliniweka kwenye kigoda katikati. Mikono ikaja kichwani, mabegani, mgongoni. Niseme ukweli angalau hapa: mikono ile ilikuwa ya joto na ilinukia sabuni, na mtu mmoja alilia kwa ajili yangu wala sikuweza kumwona ni nani. Walipomaliza wakarudi nyuma hatua moja.

"Unajisikiaje?" Mama Mkubwa akauliza.

Wote walingoja. Moyo ulikuwa unakimbia vilevile kama ukumbini, masikio yanavuma. Nikajua kwamba nikisema bado, wataanza upya, na watanitazama tena.

"Umetulia," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Vigelegele vikapigwa. Mama Mkubwa, ambaye sijamwona akicheka tangu nifike, alitoa daftari lake la shuhuda akaandika jina langu na tarehe. Mimi nilishika blauzi yangu mbele, niliogopa wasije wakaona inavyoruka.

Ijumaa, 7 Machi

"Moyo?"

"Mzima."

Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Mama amepiga simu akilia kwa furaha. Dada yake amemweleza. Nilisema, ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Mashuka ya Alhamisi bado yana unyevu kwenye pindo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesimama tena. Walikuja wageni wawili, na Mama Mkubwa alitaka wanisikie. Safari hii niliongeza kwamba nilihisi kitu cha baridi kikiteremka begani na kuondoka. Hakukuwa na kitu chochote. Kulikuwa na shuka lililokuwa likinidondoshea maji.

Kinachonishangaza ni kwamba nilizungumza karibu dakika nne, mimi niliyeshindwa sentensi mbili. Nikisema uongo siogopi kama ninavyoogopa nikisema kweli. Yule anayesimama pale anakuwa mtu mwingine, na huyo hana haya. Sijui hili linanifanya niwe mtu wa namna gani.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ilikatika, tukaanika nje haraka. Ilirudi baada ya nusu saa, tukakimbia kuanua. Kwenye kamba ya tatu moyo ukaanza. Nilijibanza nyuma ya pipa la maji nikahesabu vibanio mfukoni, kumi na saba, mara nyingi, mpaka vidole vikarudi kuwa vyangu.

"Uko wapi wewe?" Mama Mkubwa aliita.

"Nafunga kiatu, Mama Mkubwa."

Nilikuwa nimevaa malapa. Hakuangalia.

Jumatano, 19 Machi

Kola aliweka pasi wima akaniangalia.

"Hebu niambie, mdogo wangu. Siku ile, kitu kilitoka chenyewe, au wewe uliamua tu kwamba kimetoka?"

"Sijui, dada."

"Miaka kumi na moja nameza vidonge. Nikishameza nakuwa kama nguo iliyosuuzwa isikamuliwe. Nzito. Naongea, lakini najisikia niko mbali. Nataka siku moja nijue mimi ni nani bila hivyo."

"Lakini vinakusaidia."

"Na wewe ulisaidiwa na nini?"

Nilibeba kapu nikatoka. Lilikuwa tupu.

Jumatatu, 24 Machi

Saa nne Kola alikunywa chai bila kidonge. Labda alimeza nyumbani.

Jumanne, 25 Machi

Huhifadhi pakiti nyuma ya kopo la wanga. Nimetazama. Vimebaki vidonge kumi.

Jumatano, 26 Machi

Kumi.

Alhamisi, 27 Machi

Kumi. Asubuhi alikuja muuguzi wa zahanati na makoti yao meupe. Mama Mkubwa alikuwa uani, basi nikajikaza. Niliuliza kwa sauti ya chini mno, ilibidi aniambie nirudie mara tatu.

"Mtu akiacha dawa za kifafa ghafla, anakuwaje?"

Aliweka mfuko chini. "Nani huyo?"

"Mtu tu."

"Mwambie huyo mtu tu kwamba anaweza kuanguka vibaya kuliko zamani, na anaweza asiamke. Kama anataka kupunguza, aje tupunguze naye pole pole. Si wewe?"

"Si mimi."

Jioni nilisema tumbo linauma, sikwenda chumba cha nyuma. Kupitia ukuta nikawasikia wakiniombea tumbo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemweleza Kola maneno ya muuguzi. Hakukasirika. Alipuliza mvuke kwenye kola ya shati, akaipapasa.

"Yule ana imani ya zahanati, na ni haki yake. Mimi nimeona kwa macho yangu mtoto anaingia anatetemeka na anatoka mzima. Kama wewe mwenyewe huamini, ulisimama kwa nini?"

Jibu nililijua. Lilikuwa neno moja. Nilifungua mdomo, nikasema, "Dada, naomba nikusaidie kupiga pasi."

"Haya, sasa unataka na kazi yangu."

Nimejaribu kusali kitandani. Nimegundua kwamba sala yangu ya siku zote, tangu utotoni, ni moja: Mungu, wasinitazame. Na nadhani nilikuwa namwambia na yeye asinitazame.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya saba mfululizo. Chumba kizima kinanuka nguo mbichi, na sisi pia. Nashinda chumba cha pasi. Kola akigeuka nasogeza waya, akienda kunywa maji nachomoa pasi. Ananiita Askari.

Ijumaa, 4 Aprili

"Moyo?"

"Mzima kabisa." Sasa naongeza hilo neno bila kuombwa.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikuwa nakunja taulo. Kola alikuwa anapiga pasi koti la zahanati akisimulia habari za mteja aliyeleta soksi tatu na kudai alileta nne. Akanyamaza katikati. Nilidhani anatafuta neno. Harufu ndiyo iliyonifanya niinue macho.

Alikuwa amesimama. Macho yako wazi, midomo inacheza kidogo kama anayetafuna, na mkono umekaa juu ya pasi, na pasi imekaa juu ya koti, na moshi unatoka pembeni. Nilimwita hakusikia. Nikachomoa waya, nikamtoa mkono kidole kimoja kimoja. Ilikuwa kama nusu dakika. Kisha akapepesa macho, akaniona nimemshika.

"Nini?" akasema. "Nilikuwa nawaza tu."

Tukalitazama koti. Kwenye mgongo kulikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, imekamilika hadi ncha. Kola aliigusa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mkubwa alinusa, akaona.

"Nani?"

"Mimi," nikasema. "Niliomba kujaribu."

Alinisema hadi saa sita. Sikuumia, kwa kuwa yote aliyonisema yalikuwa ya mtu mwingine. Alipoondoka Kola alininong'oneza, "Asante, Askari. Usiogope. Alhamisi nasimama. Nitavimwaga vidonge mbele yao, na mama yako mkubwa atafurahi mpaka alie. Usimwambie, nataka asikie pale pale."

Kwa hiyo Mama Mkubwa hajui. Siku zote hizi nilikuwa namlaumu kimoyomoyo, nikidhani ndiye aliyemwachisha Kola dawa, kumbe hajui lolote. Anayejua ni mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Siwezi kukaa. Nimepanga vibanio kwa rangi, nimevivuruga, nimevipanga tena. Nimeandika karatasi ya kumpa Mama Mkubwa, nikaichana. Nimeandika nyingine ya kumpa Kola, nikaiacha mfukoni mwa aproni, na aproni imeingia kwenye maji ya sabuni.

Alhamisi, 10 Aprili

Mashuka arobaini. Kola alikuja na gauni la bluu lililopigwa pasi hadi mikunjo yake inaweza kukata mkate. Pakiti ilikuwa mfukoni, niliona umbo lake.

Waliimba. Mama Mkubwa akauliza, "Kuna mwenye neno leo?" Nikaona mkono wa Kola unashika ukingo wa kiti, ule mkono unaoshika kiti kabla ya kuinuka.

Nikainuka mimi. Kigoda kikaanguka nyuma yangu.

Mama Mkubwa alitabasamu, alidhani ni yale ya siku zote. Nikasema nilichotaka kusema. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na Bibi Goti akatega sikio. "Paza sauti, mwanangu, mpaka sasa umeiambia mvua tu."

Kwa hiyo ilibidi nikiseme mara mbili.

"Sikupona. Siku ile moyo ulikuwa unaenda mbio, na siku zote umeendelea, na hata sasa. Nilisema umetulia kwa sababu mlikuwa mnanitazama na nilitaka mwache. Hakuna kitu cha baridi kilichotoka begani. Lilikuwa shuka."

Mikono ikafa ganzi. Macho yakaingia weusi pembeni. Ningependa kuandika kwamba sikukimbia kwa sababu ya ujasiri, lakini ukweli ni kwamba mashuka yalikuwa yamefunika njia na sikuona mlango uko wapi.

"Na Kola ameacha vidonge," nikasema. "Ameacha kwa sababu yangu. Juzi alipotewa na fahamu pasi ikiwa mkononi. Koti sikuliunguza mimi."

Kola alisimama. Alitoa pakiti, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Ningeweza kukusamehe uongo," aliniambia, taratibu, kama ananipimia. "Lakini siri yangu ilikuwa yangu kuisema."

Akatoka. Hakuchukua mwavuli.

"Tangu lini?" Mama Mkubwa aliniuliza.

"Tangu siku ya kwanza uliyoniandika."

Alifunga daftari la shuhuda. Nilidhani atanipiga kofi, na ningeshukuru. Badala yake alivua kilemba, akajifunga kanga kichwani, akatoka mbio na malapa kumfuata Kola mvuani. Mama Mkubwa ana miaka hamsini na minane. Sijawahi kumwona akikimbia.

Wengine wakachukua mikoba yao mmoja mmoja. Bibi Goti alibaki. Aliniketisha, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake muda mrefu huku midomo ikihesabu.

"Mia na thelathini na mbili," akasema. "Ni kweli, huu haujatulia." Hakuuachia mkono. Baada ya muda akahesabu tena. Mia na kumi. Halafu tisini na sita. "Haya. Sasa tukiomba, tutaombea namba iliyo sahihi."

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Mkubwa hajaniuliza kuhusu moyo. Kola hajaja.

Jumamosi, 12 Aprili

Hajaja. Mama Mkubwa anapiga pasi mwenyewe. Kola za mashati zinatoka kama masikio ya mbwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama Mkubwa amekwenda kwa Kola mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo hakufunguliwa. Leo alifunguliwa, lakini aliporudi hakuniambia kitu, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza. Sijui kama Kola anameza vidonge. Nimelazimika kuandika sentensi hiyo kwa sababu inazunguka kichwani siku nzima.

Alhamisi, 17 Aprili

Walikuja wanne tu. Nilikaa jikoni. Bibi Goti aliingia kutafuta maji ya moto, akamimina kwenye chupa, akaivingirisha kwa taulo na kuiweka gotini.

"Linauma," akasema.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu mwaka juzi. Halikuacha hata siku moja. Nilikuwa nalipiga kofi ili linyamaze." Akacheka hadi chupa ikateleza. "Wewe usiandike hilo."

Nimeliandika.

Jumanne, 22 Aprili

Kola amerudi. Ana uvimbe juu ya jicho, umeanza kuwa kijani. Alianguka kwao Jumapili ya tarehe 13, kwenye sakafu, si kwenye pasi. Alitundika mkoba wake msumarini, akapitia rundo la mashati yaliyopigwa na Mama Mkubwa, akashika moja kwa vidole viwili kama panya.

"Yesu wangu, hii imefanywa na adui?"

Mama Mkubwa akasema, "Nilikuwa nakutunzia kiti."

Saa nne Kola alimeza kidonge. Alihakikisha ninaona.

"Muuguzi amenibadilishia," alisema bila kunitazama. "Hiki ni chepesi zaidi. Tutajua baada ya miezi mitatu. Na bado sijakusamehe, Askari, kwa hiyo usinichekee. Nipe hizo kola."

Nikampa. Zote, moja baada ya nyingine. Sikucheka. Niliingia nyuma ya mashuka nikalia hadi pua ikaziba, na nilipotoka alikuwa amenibakizia chai.

Alhamisi, 24 Aprili

Kabla kikundi hakijafika Mama Mkubwa aliniita, akafungua daftari la shuhuda kwenye ukurasa wa tarehe 6 Machi.

"Sichani ukurasa," akasema. "Wewe ndiye uliyesema, wewe rekebisha."

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwishoni niliandika: Haikuwa kweli. Ila mikono ilikuwa ya joto, na hiyo ni kweli.

Alisoma, akafuta kitu kwenye shavu kama vumbi. Nikapitia kurasa nyingine. Majina yote yamo, hata la Kola, kwa ushuhuda wa zamani wa kazi aliyoipata, na la Bibi Goti. La Mama Mkubwa mwenyewe halimo.

"Mama Mkubwa, mbona wewe hujaandikwa?"

"Nani angeniandika? Kalamu ninayo mimi."

Nilingoja. Nimejifunza kwamba kungoja si lazima kuwe kumtazama mtu, kwa hiyo nilitazama sakafu.

"Tangu baba yako mkubwa afariki silali," akasema. "Miaka sita. Nalala saa mbili, tatu tu kwa usiku mzima. Sijamwambia mtu kwa sababu mimi ndiye ninayeuliza wengine."

Niliweka mkono wangu begani mwake, mkono mmoja tu. Sijui kama ilikuwa sala. Sikuwa na maneno ndani yake, na kwa mara ya kwanza sikuomba nisionekane.

Jumanne, 29 Aprili

Manyunyu tu. Mwanya wa samawati angani, upande wa nyuma wa ua, dakika kumi.

Ijumaa, 2 Mei

Matokeo yametoka. Mtihani wa kuzungumza nimefeli, mingine yote nimefaulu. Nimempigia mama nikamwambia kwa mpangilio huohuo. Kisha nikamwambia lile jingine pia, kwamba sikupona.

"Basi nilimshukuru Mungu bure?" akauliza.

"Hapana, mama. Ulishukuru mapema."

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Jua kamili, toka asubuhi. Kamba zote sita zimejaa, na mashuka yakipigwa na upepo yanatoa mlio mkavu niliokuwa nimeusahau. Hakuna sababu yoyote ya leo kuwa siku mbaya, lakini nilipokuwa nabeba kapu la soksi moyo ulianza, bila kuitwa, kama kawaida yake.

Mama Mkubwa alipita na ndoo. Hajaniuliza tangu siku ile. Akasimama.

"Moyo?"

Kola aliinua macho dirishani.

"Leo unaenda mbio," nikasema.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Alitazama pipa la maji, kisha miguu yangu yenye malapa, nikafahamu kwamba labda siku ile ya kufunga kiatu aliangalia. Akasogeza kigoda kwa mguu hadi kivulini.

"Kaa hapo ukunje soksi."

"Na uzikunje taratibu," Kola akasema kutoka ndani. "Usizikimbize kama huo moyo wako. Mwenye soksi tatu atakuja kuhesabu."

Nikakaa. Walinitazama kidogo, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Nilipofika jozi ya kumi na tisa bado ulikuwa unapiga. Nikachukua ya ishirini.